Doa kwanza, au tia mashineni yote?

Tangu mashine za kufulia za matenki mawili zianze kuzoeleka hapa Tanga, kazi imenipungua na maswali yameongezeka. Mtu ananunua mashine, anafua nyumbani kwake majuma mawili matatu kwa raha zake, halafu namwona anakuja dukani na shati mkononi. "Dada, hili doa mbona limegoma?" Na baada ya hapo swali lenyewe: hivi kweli lazima mtu ahangaike na doa kabla ya kufua, au hayo ni mambo ya madobi kujifanya kazi yao ngumu?

Jibu langu halitawafurahisha wanaotaka ndiyo au hapana. Madoa mengi hayataki lolote. Jasho la kutwa moja, vumbi la barabarani, uji wa mtoto, supu iliyodondoka leo leo: loweka, fua, anika, yaishe. Anayepaka dawa kila nguo anamaliza sabuni na anachosha kitambaa bure. Ila yapo machache ambayo ukiyatosa majini bila kuyaangalia unayapa makazi ya kudumu, na mengine ni sabuni yako mwenyewe inayoyapigilia. Kwa hiyo mimi naitazama nguo ikiwa kavu, kwenye mwanga, kabla haijagusa maji. Baada ya hapo ndipo naamua.

Mjomba aliyenifundisha kazi hii pale Ngamiani hakuwa na hatua maalumu ya kushughulikia doa. Alifua kwa mkono tu, juu ya sakafu ya saruji, na mche wa sabuni. Lakini alikuwa akilishika shati hashiki popote: anaanza na ukosi, anapaka mche, anafikicha, anahamia kwapani, kisha ncha za mikono, kisha pindo. Mgongo aliupitisha tu majini. Kwa maneno mengine doa lilishughulikiwa, isipokuwa hakuna aliyeliita hivyo. Mashine haina macho. Ukosi wenye utando wa wiki nzima inauzungusha sawasawa na mgongo usio na kitu, tena kwa maji baridi, maana mashine nyingi tunazotumia hapa hazipashi maji. Anayehama kutoka beseni kwenda mashine anadhani amepumzika kusugua, kumbe amepumzika na kutazama pia. Ndiyo maana nguo zinatoka zinanukia vizuri na ukosi una mstari.

Kwa ukosi basi sina mjadala. Lowesha kidogo, paka mche, sugua kwa brashi laini ya kucha, acha hapo wakati unajaza maji mashineni. Dakika kumi hazifiki.

Mafuta ndiyo yananitesa kuliko vyote, na sababu ni vitambaa vya siku hizi. Kanzu nyingi ninazoletewa, sare za shule, madera, karibu zote ni polista au mchanganyiko wa polista na pamba. Pamba hunywa maji, na maji yakiingia sabuni nayo inaingia. Polista haina habari na maji, lakini mafuta inayakumbatia. Sasa shida ya doa la mafuta ni kwamba nguo ikiwa mbichi halionekani. Unasuuza, unakamua, unaridhika, unaanika. Nguo ikikauka linatokea, duara la kivuli kifuani, pale pale mchuzi ulipoangukia. Wengi wakifika hapo wanapiga pasi wakitumaini litajificha. Moto wa pasi unalipika ndani ya uzi, na kazi iliyokuwa ya robo saa inakuwa ya siku nzima.

Ninavyofanya: nguo ibaki kavu. Nasaga chaki ya ubaoni, namwagia juu ya doa, au poda ya mtoto kama chaki imekwisha. Naiacha inyonye mpaka unga wenyewe uonekane umelowa mafuta, halafu nakung'uta. Kisha tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, moja kwa moja kwenye kitambaa kikavu, bila maji. Hapo ndipo watu wanapokosea, wanalowesha kwanza, na maji yanakaa katikati yanaizuia sabuni isiyafikie mafuta. Nasugua kwa kidole gumba, taratibu, kutoka pembeni kuja katikati ili doa lisitanuke. Robo saa. Ndipo maji ya uvuguvugu, na nguo inaungana na wenzake.

Grisi ya vijana wa bodaboda ni habari nyingine. Ile naianza kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, nje, mbali na jiko, halafu sabuni ya vyombo, halafu nafua kwa mkono mpaka harufu iishe. Nguo yenye mafuta ya taa usithubutu kuitia mashineni. Ni suala la moto hilo, na mashine ina injini ya umeme chini yake.

Nije kwenye manjano, kwa sababu hapa ndipo nilipopata rafiki. Baada ya harusi moja, mama mmoja aliniletea kanzu nyeupe ya mumewe, ina darizi ya rangi ya maziwa shingoni, na kiganja kizima cha mchuzi wa biriani tumboni. Akasema hatoki, anataka kuona. Nikamaliza ya chaki na ya sabuni ya vyombo, rangi ya njano ikabaki, nikachukua mche nikaupitisha. Hapo hapo doa likageuka jekundu, wekundu wa matofali. Mama wa watu akashika kichwa. "Ee mwanangu, umeitia damu kanzu ya watu!"

Nilimwomba limau. Nikakamulia tone moja, wekundu ukarudi njano mbele ya macho yake. Manjano ina rangi iitwayo kurkumini, na rangi hiyo ikikutana na kitu chenye ukali wa magadi, kama sabuni ya mche, hugeuka nyekundu. Ikikutana na kitu kichachu hurudi njano. Hakuna kilichoharibika. Na ule wekundu una faida yake, unakuonyesha mipaka halisi ya doa, mpaka vile vitone vilivyorukia kwenye mkono ambavyo jicho halikuviona.

Manjano haiyeyuki vizuri majini. Inapenda mafuta, na kwenye mchuzi inakuja imeshikana nayo, ndiyo maana lazima uanze na mafuta. Ukishayatoa, inabaki rangi tupu, na hiyo mimi siisugui tena. Naianika juani ikiwa mbichi, doa likitazama juu. Mwanga wa jua unaivunja kurkumini. Jua letu la saa tano mpaka saa tisa, ukilowesha tena kila linapokauka, doa linapauka mchana huo huo. Likiwa zito unarudia kesho yake. Mama yule aliniacha na kanzu, akaja siku ya pili kuifuata. Sasa hivi hapiti dukani bila kuingia, na ananiletea wateja wa mtaa mzima.

Kwa nini sikutumia jiki? (Ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe; naita jiki kama mtaa unavyoita, kampuni iwe yoyote.) Jiki nayo inaua manjano, ni kweli, na shati la pamba jeupe tupu pengine ningelitia. Lakini darizi ile ilikuwa ya uzi wa hariri, na jiki inakula hariri kabisa, inakula na sufu. Ungebaki na kanzu nyeupe isiyo na shingo.

Damu ina sharti moja tu: maji baridi. Ya moto yanaigandisha protini iliyomo na kuifunga kwenye uzi. Ninafua shuka za gesti mbili tatu, kwa hiyo hili ninaliona kila wiki, na kila kijana mpya wa kazi nikimwajiri ndilo somo la kwanza. Maji baridi, chumvi kidogo, nusu saa, unabadili maji yakiwa mekundu. Iliyokauka kwenye nguo nyeupe, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa. Itatoa povu, usiogope. Kwenye nguo ya rangi jaribu kwanza ndani ya pindo, inaweza kupausha. Mafundi cherehani wana yao, wakijichoma sindano wanalitemea mate tone la damu na kulipangusa papo hapo, na nimeliona likitoka.

Baada ya maji baridi ndipo naloweka kwenye sabuni ya unga, ile ambayo pakiti yake imeandikwa kuwa ina vimeng'enya. Hivi ni vitu vinavyokatakata uchafu: vipo vya protini kama damu na maziwa, vipo vya wanga kama uji na ubwabwa, vipo vya mafuta. Havina uchawi, vinataka muda na uvuguvugu. Nilisoma kwamba Mjerumani mmoja, mkemia Otto Röhm, alisajili hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya kufulia kwa vimeng'enya vya kongosho la wanyama mwaka 1913, na ile bidhaa yake ilikuwa ya kulowekea nguo kabla ya kufua. Yaani tangu mwanzo walijua kwamba kazi yao iko kwenye kuloweka. Leo mtu ananunua sabuni hiyo hiyo, anaweka mashine mzunguko wa robo saa, kisha anasema sabuni ni feki.

Kwa hiyo kama wewe ni mvivu, na mimi nawaelewa wavivu, basi fanya hili moja tu: loweka nusu saa mpaka saa nzima kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga kabla ya kuwasha mashine. Utakuwa umemaliza sehemu kubwa ya mjadala huu. Usichanganye jiki humo, jiki inaviua hivyo vimeng'enya ulivyovilipia. Maji yanayochemka nayo vivyo hivyo. Na usilaze nguo majini usiku kucha, hasa masika. Asubuhi beseni linanuka na batiki imeshawapa wenzake rangi.

Kuna madoa ya kwetu Pwani ambayo hata mashine ya mamilioni haiyawezi. Maji ya dafu yanakuja meupe kama maji ya kunywa, unapangusa kifua unaendelea na safari. Jioni pana ramani ya kahawia. Utomvu wa ndizi hivyo hivyo. Mabibo ndiyo baba lao. Haya yote dawa yake ni haraka, maji mengi hapo hapo ulipo, hata kama ni kwa muuza madafu mwenyewe, kabla hewa haijaligeuza rangi. Likishakauka na kufuliwa mara kadhaa nitakuambia ukweli: nitalipunguza, sitalimaliza. Ulimbo wa fenesi ni mwepesi zaidi kuliko watu wanavyodhani, lainisha kwa mafuta ya kula, kwangua, halafu lile doa la mafuta ulilojitengenezea lifanyie kama nilivyoeleza juu.

Chai ya rangi na kahawa, usianze na mche. Sabuni ya mche inaweza kulifanya doa la namna hiyo ling'ang'anie. Pitisha maji baridi kwa nyuma ya kitambaa, yalisukume doa litoke kulikoingilia, kisha sabuni ya unga.

Halafu yapo ambayo kushughulikia kwake ni kutotia maji kwanza. Wanafunzi wa bweni wanarudi likizo kutoka Lushoto na soksi zilizokuwa nyeupe, sasa nyekundu kwa udongo wa mlimani. Mama zao wanazitosa kwenye maji siku hiyo hiyo na udongo unaingia ndani ya nyuzi. Ziache zikauke kabisa, zipige ukutani, zipige brashi, utashangaa kiasi kinachobaki chini. Ndipo uloweke. Nguo za vijana wa ujenzi ni vile vile: vumbi la saruji kung'uta nje mpaka liishe, maana saruji na maji unajua mwenyewe wakikutana wanafanya nini, na humo ndani ya mashine hutaki wakutane.

Kutu ndiyo inayowaponza wenye jiki. Nguo imeanikwa kwenye waya wa chuma, imepata mstari wa rangi ya machungwa, mtu anakimbilia jiki, na jiki inaikaza kutu badala ya kuitoa. Tumia limau na chumvi, weka juani, suuza, rudia. Na hapa nasema kwa sauti ya ukali kidogo: suuza limau lote liishe kabla jiki yoyote haijakaribia nguo hiyo. Limau au siki ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, na vyoo vyetu vya uani ambako wengi mnafulia havina dirisha la maana. Usichanganye.

Kwapa zilizogeuka njano, jiki tena si jibu, inazidisha unjano. Ule unjano ni jasho likichanganyika na madini yaliyomo kwenye dawa za kuzuia jasho. Siki iliyochanganywa na maji, nusu saa, suuza vizuri, kisha mche. Kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi mtaona mche hautoi povu na unaacha utando mweupe, na utando huo ndio unaoshika uchafu ukosini. Hapo tumia sabuni ya unga badala ya mche, na maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya bomba ukiweza. Buluu ya nguo nyeupe inakuja mwisho kabisa, doa likiwa limeshatoka. Buluu haitoi doa, inaficha unjano tu, na juu ya doa inatengeneza kijani.

Piko siipokei. Hina iliyodondokea kanga nitajaribu ikiwa mbichi, kwa maji baridi na sabuni mara moja. Lakini piko ni rangi ya nywele, imetengenezwa isitoke, na bibi harusi aliyemwagia piko kwenye gauni la kuazima aanze kuzungumza na mwenye gauni mapema.

Kwa mnaoniletea nguo, hasa Idi inapokaribia, nina ombi. Msipake kitu. Doa lililokwisha pakwa mche, kisha jiki, kisha dawa ya meno aliyosema jirani, linanichukua muda kuliko doa lenyewe, na nusu ya muda huo natafuta kujua mlipaka nini kwa mpangilio gani. Leteni nguo ilivyo, kavu, mapema kabla ya siku tatu za mwisho ambazo duka linajaa mpaka barazani. Na mniambie kilichomwagika. Semeni tu, hata kama ni jambo la kuoneana haya. Mimi nafua shuka za gesti, hakuna mtakachoniambia nikashtuka.